Kusoma ndani ya mtihani wa IELTS: mambo ya kujua mbele ya kulipa

Hapa Buluo, kijana akimaliza sekondari na kupata diplome ya Serikali, maneno ya masomo ya ngambo yanaanza. Zambia iko karibu, unapita tu Kasumbalesa. Wengine wanatafuta bourse ya Uingereza, Australia ao Marekani. Mara nyingi ndani ya dosie wanaomba karatasi moja: matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Ule unaojulikana sana ni IELTS. Bei yake inapita dola 200, na kwa kawaida vyuo vinakubali matokeo yake kwa miaka 2 tu. Kwa jamaa nyingi za Likasi, pesa kama hizo hazipatikane mara mbili. Kwa hiyo ni vizuri kujua mtihani unapima nini mbele ya kuzitosha.

Uko na sehemu 4: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Leo tunazungumuza juu ya kusoma, sababu njo pale mtu aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuokota pointi nyingi hata bila mwalimu, na njo pale pia anazipoteza bure.

Uliza kwanza chuo chako kinataka aina gani. Kuna Academic, ya wale wanaokwenda chuo kikuu, na General Training, ya wale wanaohama ao kutafuta kazi. Maandishi ya kusoma hayako sawa. Tuzungumuzie Academic.

Unapewa maandishi 3 marefu, maulizo 40, na dakika 60. Yote pamoja yanaweza kufika maneno 2.750. Kila jibu la kweli ni pointi 1, na kosa haliondoe kitu. Basi hapana kuacha nafasi wazi, hata kama unabahatisha. Majibu 23 ya kweli yanakupeleka karibu na 6, majibu 30 karibu na 7. Angalia vizuri hiyo hesabu: mtu anayetafuta 6 anaweza kukosa maulizo 17. Kumbe mtihani haukuombe kuelewa kila neno. Anayesimama dakika 3 juu ya neno moja gumu ameuzisha maulizo mengine mawili.

Shuleni tumezoea kuanza mstari wa kwanza na kusoma mpaka wa mwisho, kisha kufungua maulizo. Kwenye IELTS, saa itakushinda. Soma kichwa, soma sentensi ya kwanza ya kila fungu, ujue tu kila jambo linakaa wapi. Kisha kwenda kwenye maulizo. Ulizo likiwa na jina la mtu, mwaka ao namba, tafuta kile kitu ndani ya maandishi kwa macho, sawa vile unatafuta jina lako kwenye palmarès, halafu soma pale polepole. Gawanya wakati: andishi la kwanza dakika 17 hivi, la mwisho zaidi kidogo, sababu kwa kawaida linakuwa gumu kuliko mengine. Na jibu uliandike mara moja pahali pake. Hapa hakuna dakika za kuongeza kwa kuhamisha majibu.

Sasa mtego wenyewe. Kuna maulizo ambayo unajibu True, False ao Not Given: ni kweli, si kweli, ao maandishi hayaseme. Tuchukue mfano ambao mtu wa Likasi anaweza kuangukia haraka. Maandishi yanasema: "Copper is used in electrical cables because it carries current well." Maana yake: shaba inatumiwa ndani ya kamba za umeme sababu inapitisha umeme vizuri. Ulizo la kwanza: "Copper is a poor carrier of current." Hiyo ni False, sababu inapingana na maandishi. Ulizo la pili: "Most of the world's copper is used in electrical cables." Mtoto wa Likasi, ambaye amekomaa akisikia hadisi za shaba na Shituru, atasema: "Njo vile, sisi tunajua," na ataandika True. Kosa. Maandishi yamesema shaba inaingia ndani ya kamba; hayakusema ni sehemu kubwa ya shaba yote ya dunia. Jibu ni Not Given. Kila kitu unachojua juu ya ile mada, ukiache inje pamoja na sakoshi yako. False inaomba maandishi yakatae. Yakinyamaza, ni Not Given.

Kifaransa chetu kinasaidia sana, na watu wengi hawakihesabu. Maneno kama "production", "population", "transport", "temperature" unayajua tayari, na maandishi ya Academic yamejaa maneno ya namna hiyo. Lakini kuna ndugu wa uongo. "Actually" si "actuellement". Maana yake ni kwa kweli. "Eventually" si "éventuellement", ni mwishowe. "Library" ni maktaba, hapana duka la vitabu. "Assist" ni kusaidia, hapana kuhuzuria. Fungua kayé moja kwa ajili ya hao tu, na kila siku uongeze mmoja.

Tahajia nayo inahesabiwa. Wakisema maneno mawili tu na wewe ukaandika matatu, pointi imekwenda, hata kama wazo ni la kweli.

Juu ya mazoezi: usiku wa delestaje haufae kwa kujifunza kwenye simu. Kwenye ukurasa wenyewe wa IELTS kuna mifano ya bure. Uichukue siku mega ziko na rezo iko muzuri, halafu upige fotokopi ya maandishi mawili matatu. Karatasi haiombe umeme. Weka saa mbele yako, fanya dakika 60 bila kusimama na bila diksionere. Kisha sahihisha, na utumie wakati mrefu kwa kujiuliza kila kosa limetoka wapi: neno, wakati, ao ulijibu kwa kichwa chako kuliko kwa maandishi? Ukiona kosa la namna moja linarudia, njo lile la kufanyia kazi juma lote.

Wengine wanalipa kwanza ili woga uwasukume kusoma. Mimi naona ni kinyume. Fanya mazoezi kamili, na siku umepata mara tatu mfululizo majibu ambayo chuo chako kinaomba, ukishinda saa, njo utoshe zile dola.