Maji Tohara na Maji Salama: Tulitunzeje Birika la Msikiti?

Tangu kamati ya msikiti wetu hapa Kerenge ianze kutia dawa katika birika la kutawadhia, waumini wengi, hasa wazee wetu, wamekuwa wakituuliza: je, maji yenye harufu ya dawa yanafaa kwa udhu? Ni swali la mtu anayeichunga ibada yake. Lipo pia swali la pili, lisiloulizwa sana: je, maji yanayofaa kwa udhu ni salama kwa anayetawadha?

Swali la kwanza lina jibu katika fiqhi ya Imam Shafii. Maji yaliyofika qullatayn, yaani lita 200 na ushei, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Ama kitu tohara kikiyabadilisha kidogo, pasi na kuyaondolea jina la maji, hubaki yenye kutoharisha. Klorini ya kiasi imo katika hukumu hiyo. Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu maji ya bahari, ambayo kila lita yake ina takriban gramu 35 za chumvi, alibainisha kuwa yanatoharisha.

Swali la pili halijibiwi kwa macho. Maji yaweza kuwa meupe, yametimiza masharti yote ya fiqhi, na bado yakabeba maradhi. Huko Karachi, Pakistan, madaktari waliandika habari za wagonjwa 13 wa mwaka 2008 na 2009 walioshambuliwa ubongo na kijidudu kiitwacho Naegleria fowleri. Ni mmoja tu kati yao aliyejulikana kuwa aliogelea, hivyo shaka ikaelekezwa kwenye maji ya bomba yaliyopandishwa puani wakati wa udhu. Kijidudu hicho hupenda maji matamu ya vuguvugu yasiyo na klorini ya kutosha, nacho hupita puani hadi kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni nadra, lakini anayeupata ni nadra kupona. Kipindupindu na kuhara, tunavyovifahamu zaidi, hupita kinywani, na watoto wetu humeza maji wanaposukutua.

Klorini yenyewe asili yake ni chumvi. Waliojenga mabwawa ya kuogelea ya maji ya chumvi majumbani hutia gramu 3 hadi 4 za chumvi kwa lita, na mtambo wa umeme huigeuza kuwa klorini. Wapo wanaodhani chumvi ndiyo inayosafisha, wakaacha kupima. Kinachoua vijidudu ni klorini, nayo huisha: jua huipunguza, majani, jasho na matope huila. Birika letu halina mtambo, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Kwanza, tujue ujazo. Birika lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.5 na kina cha maji cha mita 1 lina lita 4,500. Ili kupata miligramu 2 za klorini kwa lita, unga wenye nguvu ya asilimia 65 unaohitajika ni gramu 14 hivi. Unga utiwe ndani ya ndoo ya maji, si maji juu ya unga. Ukorogwe, utuame, kisha maji ya juu yamiminwe birikani. Baada ya dakika 30 tupime kwa karatasi maalumu zinazobadilika rangi: klorini iliyosalia isipungue miligramu 0.5 kwa lita, na pH isifike 8, kwani ikipanda klorini hudhoofika. Wakati wa masika, maji ya tope yaachwe yatuame na kuchujwa kabla ya dawa. Birika lifunikwe, na lisuguliwe mara kwa mara.

Dawa hii isichanganywe kamwe na asidi wala sabuni za chooni, kwani hutoa hewa ya sumu. Iwekwe mbali na watoto.

Wazazi wenye matangi majumbani wafanye vivyo hivyo. Sheria imetufundisha kuuhifadhi uhai kama ilivyotufundisha kujitoharisha. Anayepima maji ya birika anahudumia yote mawili.

Wabillahi tawfiq.