Kishikio Kwanza, Darubini Baadaye

Kijana akiniuliza anunue darubini gani kwa ajili ya bunduki ya kale, nami humuuliza: utaishikiza na nini? Nimetumikia wanyamapori katika nyanda hizi za kati, Swagaswaga, Manyoni na Rungwa, na ninajua nani hutumwa kumfuata nyati aliyejeruhiwa. Ni askari wa pori, kwa miguu, ndani ya kichaka ambacho huoni hatua kumi mbele. Mara nyingi chanzo cha jeraha lile si jicho la mwindaji wala ubora wa kioo. Ni kipande cha chuma kinachoshika darubini juu ya bunduki, ambacho watu hukinunua mwisho, kwa hela iliyobaki.

Bunduki za kijeshi zina historia ndefu huku kwetu. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini liliingia Kondoa Irangi, na usiku wa kuamkia 10 Mei von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akalishambulia bila kufanikiwa. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo Dodoma nayo ikatekwa. Upande wa van Deventer ulishika Lee-Enfield za risasi ya .303, upande wa Wajerumani ulikuwa na Mauser za miaka mbalimbali, kuanzia zile za mwaka 1871 za baruti ya moshi hadi Mauser 98. Aina hizi mbili, pamoja na Lee-Enfield ya baadaye, No. 4, ambayo wengi huiita Mark IV, ndizo ninazoulizwa habari zake hadi leo. Zote zilibuniwa kwa vilengeo vya chuma. Darubini ilikuwa ya wadunguaji wachache tu, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Tuanze na Mauser 98. Iweke mezani, hakikisha haina risasi, kisha inua mkono wa bolti. Mkono huo hupanda robo ya mzunguko, na kwenye zile za zamani zenye mkono ulionyooka husimama wima, pale pale ambapo darubini ingelala. Kifungio cha usalama nacho ni kijibawa nyuma ya bolti, kinachopita juu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kitaigonga darubini iliyofungwa chini. Kisha kuna mfereji wa kupokelea klipu ya risasi tano. Ukiufunika kwa darubini, risasi utaziingiza moja moja.

Kwa hiyo anayetaka darubini ilale chini hulazimika kupinda mkono wa bolti, kubadili kifungio cha usalama, na kutoboa mwili wa bunduki ili kupata matundu ya skrubu. Chuma cha Mauser kimekomazwa juu. Keekee isiyofaa huteleza na kutoboa kando, na tundu lililokaa upande haliondoki tena. Kishikio kirefu kinachopita juu ya vikwazo hivi vyote hakisaidii sana, kwa sababu kitako cha bunduki ya jeshi kilichongwa kwa vilengeo vya chini. Shavu lako litaning'inia hewani, na kichwa kisichoegemea kitu hakitulii mahali pamoja mara mbili. Ikibidi kutumia kishikio cha namna hiyo, funga kipande cha ngozi nene juu ya kitako ili shavu lipate pa kukaa.

Njia ya tatu ni kishikio cha mbele. Unaondoa kilengeo cha nyuma kilichoko juu ya mtutu, unafunga kishikio kwenye kiti chake, na kilengeo unakihifadhi ili ukirudishe siku ukitaka. Hutoboi kitu, klipu inaingia, bolti inapanda bila kizuizi. Darubini yake lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa jicho kukaa mbali, kama sentimita 23 au zaidi; ya kawaida inataka kama sentimita 9 tu, na ukiisogeza mbele huoni kitu. Ina upungufu wake pia. Jua la jioni likiwa mgongoni mwako huingia kwenye kioo cha nyuma na kukupofusha, na mwanga ukipungua picha huwa hafifu. Wajerumani waliijaribu namna hii katika Vita vya Pili vya Dunia kwa darubini iliyoitwa ZF41, yenye kukuza mara 1.5, na askari wengi hawakuipenda.

Lee-Enfield ina tabia nyingine. Bolti yake huzunguka nyuzi 60 tu, mkono uko nyuma na chini, na kifungio cha usalama kiko ubavuni kushoto. Kikwazo chake ni daraja la klipu juu ya mwili. Waingereza walilikwepa kwa kupitia ubavuni. Bunduki za wadunguaji za No. 4 (T), ambazo zaidi ya 20,000 zilitengenezwa, nyingi katika karakana ya Holland & Holland, zilifungwa vipande viwili vya chuma upande wa kushoto, na kishikio kikakazwa juu yavyo kwa skrubu mbili kubwa za mkono. Kila kishikio kilipigwa namba ya bunduki yake. Hawakufanya hivyo kwa urembo: kishikio kilichozoeana na bunduki moja hakiwezi kuaminiwa juu ya nyingine.

Piga hesabu uone. Tuseme pete mbili zinazoshika darubini zimeachana sentimita 10. Pete moja ikisogea milimita 0.1, unene wa karatasi moja tu, risasi yako itahama sentimita 10 kwa umbali wa mita 100, na sentimita 20 kwa mita 200. Umelenga moyo wa swala pala, umempiga tumboni. Barabara zetu za vumbi na makorongo zinatosha kulegeza skrubu kwa kiasi hicho katika safari moja.

Hivyo, unapokagua kishikio, angalia chuma kabla ya jina la kampuni. Kiwe cha chuma cha pua au chuma kigumu, si bati laini. Pete ziwe za kipenyo kimoja na darubini, milimita 25.4 au 30, maana pete isiyolingana huiminya darubini au huiacha icheze. Safisha mafuta kwenye matundu ya skrubu, kaza kidogo kidogo ukipokezana kulia na kushoto, kisha chora mstari mwembamba wa rangi unaopita juu ya kichwa cha skrubu na chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa anza na mita 25, halafu 100. Kama kishikio ni cha kutoka na kurudi, kitoe, kirudishe, upige tena. Risasi zikienda kwingine, kirudishe dukani.

Na kabla ya yote, kumbuka kuwa kibali cha silaha ni cha mtu. Bunduki ya marehemu baba yako hairithiwi kama shamba. Ipeleke polisi ufuate utaratibu. Kazi ya kutoboa au kupinda ifanywe na fundi mwenye leseni, si karakana ya kuchomelea mageti.

Ushauri wangu kwa wanaowinda kihalali katika nyanda hizi ni huu: kishikio kifuate bunduki. Kama ubavu wa Lee-Enfield yako umeshatobolewa zamani, tumia matundu hayohayo. Kama ni Mauser ambayo haijaguswa, chagua kishikio cha mbele. Na kama hukupata kinachokaa imara, acha vilengeo vya chuma kama vilivyo. Katika vichaka vya Itigi mnyama huonekana kwa karibu, na mwindaji anayejua kunyata hahitaji mita 200. Asogee mpaka awe na hakika, au asipige.