Majani ya chungu wakati wa kiangazi: namna ya kupanga bustani ya nyumbani



Kwetu ku milima ya Kivu ya Kusini mvua inaanza mwezi wa 9 na inaisha mwezi wa 5. Katika miezi ile majani hayakosekani. Lengalenga inaota hata fasi haikupandwa. Tabu inaingia mwezi wa 6. Udongo unakauka, bei ya majani inapanda ku soko, na katika nyumba nyingi watoto wanabaki na bugali na maharagi tu mpaka mvua irudie. Bustani ya nyumbani inapashwa kusaidia kwanza miezi ile mitatu. Kwa hiyo tunaipanga mapema, tangu mwezi wa 4, wakati udongo ungali na maji. Mwenye kungojea kiangazi kiingie njo alime, amekwisha kuchelewa.

Fasi ya bustani

Muchague fasi karibu na jiko, fasi mama anapitia kila siku. Bustani ya mbali inasahauliwa, na inaibiwa. Muizungushe lupango ya matete ama miti, kwa sababu mbuzi na kuku wanaweza kuimaliza asubuhi moja. Kwa kuanza, tuta moja la meta 5 kwa meta 1 linatosha. Upana usipite meta 1, ili mukono ufike katikati bila kukanyaga udongo.

Wakati wa mvua tunainua tuta ili maji isilale ndani. Wakati wa kiangazi tunafanya kinyume: tunalishusha chini kidogo kuliko njia na kuacha ukingo pembeni. Hivyo maji munayomwanga inabaki kwenye mizizi.

Lengalenga kila juma

Wengi wanamwanga mbegu yote siku moja. Nyuma ya mwezi mumoja majani yanajaa, munakula mpaka munachoka, mengine yanazeeka, na kisha hamuna kitu. Muligawanye tuta vipande 5 vya meta moja moja. Juma la kwanza mupande kipande cha 1, juma la pili kipande cha 2, na kuendelea hivyo. Lengalenga inakuwa tayari nyuma ya majuma 4 ama 5. Mukimaliza kupanda kipande cha 5, cha 1 kinafikia kuvunwa. Mukikivuna, mutie mbolea kidogo na mupande tena palepale.

Pembeni mutie matembele. Mukate kamba za urefu wa sentimeta 30 hivi na kuzifukia nusu. Matembele yakishika, yanavumilia jua kupita lengalenga. Maboga nayo yanatoa majani na matunda, ila yanaomba fasi ya kutambaa. Muyaelekeze ku lupango.

Tomati na shu munaweza kuzitia katika pepinyeri mwezi wa 5 na kuzihamisha mwezi wa 6. Wakati wa mvua tomati inashambuliwa sana na mildiyu, ule ugonjwa unaounguza majani na kuozesha matunda. Katika kiangazi ugonjwa ule unapunguka, kama munamwanga maji chini ku shina, si juu ya majani.

Bidoni moja ya maji

Wamama wanauliza: maji tutatoa wapi, na ile ya kunywa yenyewe tunaifuata mbali? Hesabu ni hii. Meta moja ya mraba inaomba litre 4 hivi kwa siku wakati wa jua kali. Tuta la meta 5 linaomba litre 20, ni kusema bidoni moja ya manjano. Mukifunika udongo kwa majani makavu, maganda ya maharagi ama majani ya migomba, jua halinyonyi maji mbio, na bidoni moja inaweza kutosha kwa siku mbili. Mumwange asubuhi mapema ama magaribi.

Maji ya kuoshea mboga na masahani musiitupe. Ile yenye sabuni mumwange ku shina za miti ya matunda, si juu ya majani ya kula.

Mbolea bila kununua

Mavi ya mbuzi, ya sungura na ya dende ni mali. Lakini musiyatie mabichi: yanaunguza mizizi na yanaleta magonjwa. Muyarundike pamoja na majani na jivu kidogo, muyafunike, muyageuze kila majuma mawili ama matatu. Nyuma ya miezi 3 hivi yanakuwa meusi, hayanuke tena. Pale yako tayari.

Titonia, ile yenye maua ya manjano inayoota kando ya barabara, inaoza mbio na inalisha udongo vizuri. Mukate majani yake, muyaloweke ndani ya ndoo majuma mawili, kisha muongeze maji mpaka rangi iwe kama chai nyepesi. Mumwange ku shina mara moja kwa juma.

Miti ya matunda

Mashimo muyachimbe mwezi wa 8, sentimeta 60 kila upande, muyajaze udongo wa juu na mbolea iliyooza, na mupande mvua ya kwanza ikishanyesha sawasawa. Kwenye milima ya baridi, marakuja ya rangi ya zambarau inafaa kupita papai; inapanda ku lupango na inaweza kuzaa katika mwaka wa kwanza ama wa pili. Chini, upande wa Uvira na bonde la Ruzizi, papai linafanya vizuri. Mupande miche 3 katika shimo moja, kwa sababu haijulikane gani ni dume. Yakitoa maua, ile yenye maua yanayoning'inia ku vijiti virefu njo dume: muitoe, lakini muache dume moja kwa majike 10 hivi. Avoka ya kupandikizwa inaanza kuzaa nyuma ya miaka 3 ama 4. Ile ya kokwa inakawia zaidi.

Mbegu

Muache mashina 5 ya lengalenga, yale mazuri kupita yote, yakomae. Mbegu zikianza kuanguka, mukate vichwa, muvianike juu ya kitambaa, na mulinde mbegu katika chupa kavu. Mbegu ya shu na karoti inaomba kununuliwa. Hapa koperative inaweza kununua kopo moja kubwa na kugawanya. Musome tarehe ku kopo mbele ya kulipa.

Kwanza chungu, nyuma soko

Bei ikipanda mwezi wa 7, kishawishi ni kuuza yote. Mama anamwanga maji kila asubuhi, na siku ya soko kikapu kinatoka kimejaa, mutoto anabaki na bugali. Baba na mama wapatane mbele ya kupanda: vipande gani ni vya chungu, na gani ni vya kuuza kwa minervali na sabuni. Chungu kikishajaa, soko lipate yake.

Majani ya kijani nzito, papai na karoti vinatoa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Mutie mawese kidogo, mwili uipokee vizuri. Lakini majani peke yake hayazuie bwaki: mutoto anaomba pia maharagi, karanga, soya, yai, sambaza ama ndagala. Mutoto akivimba miguu, apelekwe mbio ku kituo cha afya.

Na kwa sababu kolera haiko mbali nasi, mboga na matunda ya kula mabichi muyaoshe kwa maji safi, na mikono kwa sabuni.

Katika mukutano wa mwezi wa 4, kila kikundi kipime tuta moja la meta 5 kwa memba mumoja, kiligawanye vipande 5, na kipande cha kwanza kipandwe siku ileile.