Teke Halipimi Upepo

Juzi nilipanda basi la kwenda Morogoro. Kabla hatujaondoka, dereva alilizunguka gari, akalipiga kila tairi teke moja, akasema, "Mambo safi, twende." Nasi abiria, pamoja na watoto wetu, tukazikabidhi roho zetu kwa kiatu cha mtu mmoja.

Teke halipimi upepo. Je, hali ya tairi yaweza kujulikana gari likiwa mwendoni? Yaweza. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza namna ya kuipima kwa msaada wa setilaiti.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mawimbi ya setilaiti hutuonyesha mwendo halisi wa gari juu ya ardhi. Vipimo vilivyomo katika breki za kisasa huhesabu mizunguko ya gurudumu. Tuseme gari limekwenda kilomita moja, na gurudumu limezunguka mara 500. Kila mzunguko ni mita 2. Baada ya muda, kwa kilomita ile ile, gurudumu linazunguka mara 503. Barabara haikurefuka, tairi ndilo limefupika. Ama limepungukiwa upepo, ama limelika.

Iko mitambo inayolinganisha gurudumu moja na jingine. Matairi yote manne yakipungua upepo sawasawa, mitambo hiyo huona mambo ni shwari. Setilaiti haidanganyiki hivyo, kwa sababu kipimo chake hakitegemei tairi lolote.

Tena, dereva anapokanyaga mafuta, gurudumu linalosukuma huzunguka upesi kidogo kuliko gari linavyokwenda. Tofauti hiyo ikilinganishwa na nguvu inayosukuma, hujulikana jinsi tairi linavyokaza au kulegea.

Hata hivyo tusiharakishe kutoa hukumu. Joto, uzito wa mzigo na kulika kwa tairi, vyote hubadili hesabu. Ni kama homa: hukuambia mwili una jambo, haikuambii ni jambo gani. Na setilaiti haijazi upepo. Kazi hiyo bado ni ya binadamu mwenye pampu.

Siku ile tulifika salama. Lakini kufika salama si ushahidi kwamba matairi yalikuwa mazima. Kipimo cha upepo ni kitu cha kutia mfukoni. Safari ijayo, kabla sijapanda, nitamwomba dereva anionyeshe chake. Nawe mwombe.