Nishati na Msukumo wa Fotoni: Kwa Nini Mtaalamu wa Eksirei Husimama Nyuma ya Kinga

Katika chumba cha eksirei, mgonjwa huelekezwa namna ya kusimama, huambiwa avute pumzi na kuizuia, kisha mtaalamu humwacha peke yake na kwenda nyuma ya kinga ya risasi. Wagonjwa wengi hujiuliza: ikiwa mionzi hii ni salama, mbona yeye anajificha? Wodini, kwa upande mwingine, hutokea mhudumu akamshikilia mgonjwa wakati mashine ya eksirei ya kuhamishika inapiga picha, naye hana aproni ya risasi, akiamini kwamba hayumo hatarini kwa kuwa mionzi imeelekezwa kitandani. Hofu ya mgonjwa na ujasiri wa mhudumu huyo hutokana na kutofahamu mambo mawili ambayo kila fotoni hubeba, nayo ni nishati na momentamu.

Nishati ya fotoni moja

Mwaka 1900, mwanafizikia Mjerumani Max Planck alipendekeza kwamba nishati hutolewa kwa mafungu yasiyogawanyika. Mwaka 1905, Albert Einstein aliendeleza wazo hilo kwa kueleza kuwa mwanga wenyewe husafiri kwa mafungu hayo, ambayo baadaye yaliitwa fotoni. Nishati ya fotoni moja hupatikana kwa kanuni fupi: E = hf. Herufi f ni marudio, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na h ni namba isiyobadilika ya Planck. Kadiri wimbi linavyotetema kwa haraka, ndivyo kila fotoni yake inavyobeba nishati kubwa zaidi.

Nishati hiyo hupimwa kwa elektronivolti. Fotoni ya mwanga unaoonekana hubeba elektronivolti 2 hadi 3 hivi. Fotoni ya simu ya mkononi inayotumia megahezi 900 hubeba chini ya sehemu 4 kwa milioni za elektronivolti moja. Fotoni ya eksirei ya hospitali aghalabu hubeba makumi ya maelfu ya elektronivolti. Ili kung'oa elektroni moja kutoka katika molekuli ya maji, ambayo ni sehemu kubwa ya mwili wa binadamu, huhitajika takriban elektronivolti 12.6.

Namba hizo zinaeleza tofauti kubwa baina ya aina za mionzi. Gunia zima la mchele likirushwa punje moja moja haliwezi kuangua nazi, ilhali jiwe moja zito likilengwa vizuri huiangusha. Vivyo hivyo, fotoni za simu, hata zikiwa nyingi kiasi gani, haziungani ili kung'oa elektroni. Zikizidi sana, huweza tu kupasha joto. Fotoni moja ya eksirei ina uwezo wa kung'oa elektroni, na kwa sababu hiyo eksirei huwekwa katika kundi la mionzi ayonisha, ambayo huweza kudhuru vinasaba vya seli. Mionzi ya urujuanimno ya jua iko katikati: nishati ya fotoni zake, ambayo ni elektronivolti 4 hivi, haitoshi kuyonisha maji, lakini hutosha kuharibu vinasaba vya ngozi. Ndiyo maana watu wenye ualbino husisitiziwa kujikinga na jua.

Msukumo usio na uzito

Katika maisha ya kawaida, momentamu ni msukumo ambao kitu hubeba kwa sababu ya tungamo na mwendo wake, kama lori linavyobeba msukumo mkubwa kuliko baiskeli. Fotoni haina tungamo, lakini ina momentamu. Kiasi chake ni nishati ikigawanywa kwa kasi ya mwanga. Kwa maneno mengine, ni namba ya Planck ikigawanywa kwa urefu wa wimbi.

Uthibitisho mashuhuri ulitolewa na Mmarekani Arthur Compton mwaka 1923. Alielekeza eksirei kwenye kipande cha grafaiti, akapima mionzi iliyotawanyika pembeni. Aliona kwamba sehemu ya mionzi hiyo ilikuwa na mawimbi marefu zaidi, yaani ilikuwa imepoteza nishati. Hesabu zake zilikubaliana na vipimo pale tu fotoni ilipochukuliwa kuwa kama gololi inayogonga gololi nyingine: fotoni hugonga elektroni, huigawia sehemu ya nishati na momentamu yake, kisha huchepuka kwa njia mpya. Kwa kazi hiyo, Compton alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1927.

Kutoka grafaiti hadi kitandani

Jambo lilelile hutokea ndani ya mwili wa mgonjwa katika kila picha. Fotoni yenye elektronivolti 60,000 ikigonga elektroni na kuchepuka kwa nyuzi 90, hubakiwa na takriban elektronivolti 54,000. Hata ikirudi moja kwa moja ilikotoka, hubakiwa na karibu 49,000. Maana yake ni kwamba mionzi iliyotawanyika haijachoka. Kila fotoni yake bado ina nishati maelfu ya mara kuliko ile inayohitajika kung'oa elektroni. Mgonjwa anapopigwa picha, mwili wake hugeuka kwa muda kuwa chanzo cha mionzi inayoelekea pande zote, pamoja na upande aliposimama mhudumu.

Kinachopungua ni idadi ya fotoni. Umbali wa mita 1 kutoka kwa mgonjwa, kwa pembeni, mionzi iliyotawanyika huwa takriban sehemu 1 kwa 1,000 ya ile iliyomfikia mgonjwa. Umbali ukiongezeka maradufu, hupungua hadi robo. Risasi husaidia kwa sababu atomu zake zina elektroni nyingi zilizoshikiliwa kwa nguvu, nazo humeza fotoni nyingi kabisa badala ya kuzichepusha.

Mtaalamu hujikinga kwa sababu hiyo. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisiviti 0.1 au pungufu, ikilinganishwa na wastani wa milisiviti 2.4 ambazo binadamu hupata kila mwaka kutoka katika mazingira ya asili. Mgonjwa hupokea kiasi hicho kidogo mara chache, na hupata faida ya kutambuliwa ugonjwa wake. Mtaalamu angekipokea kidogo kidogo kila siku, mwaka hadi mwaka, bila faida yoyote ya kiafya.

Yanayopasa kuzingatiwa

Mhudumu asiyehitajika karibu na kitanda asogee mbali, angalau mita 2, au asimame nyuma ya kinga. Ikiwa mtoto lazima ashikiliwe, anayemshikilia avae aproni ya risasi na asisimame kwenye njia ya mionzi. Asiwe mjamzito, wala asiwe mhudumu yuleyule kila siku. Mwanamke anayehisi ana mimba aseme kabla ya kupigwa picha.

Mgonjwa naye afahamu kwamba eksirei haibaki mwilini. Mashine inapozimwa, fotoni zote huwa zimemezwa au zimekwisha kutoka, kama mwanga wa taa unavyotoweka chumbani taa inapozimwa. Mama aliyepigwa picha anaweza kumkumbatia na kumnyonyesha mwanawe papo hapo. Hali ni tofauti kwa mgonjwa aliyepewa dawa yenye viini vya mionzi. Huyo hupewa maelekezo maalumu na hospitali, na hana budi kuyafuata.