Nani Anabaki Kamalondo?

Dirisha la usajili likifunguliwa, Lubumbashi nzima huwa na swali moja: nani anakuja? Utalisikia kwenye baa za Kenya (mtaa wetu wa Kenya, si nchi), utalisikia Katuba, na ndani ya teksi-basi ziendazo Ruashi abiria wasiojuana hubishana kuhusu mshambuliaji fulani wa Ghana au kiungo fulani wa Kinshasa kana kwamba wao ndio watakaomlipa. Wa TP Mazembe huwauliza wa Saint-Éloi Lupopo mmemleta nani, na wa Lupopo hujibu kwa swali hilo hilo. Ni gumzo tamu, lakini nadhani linaanzia pabaya. Ukizifuata timu zetu mbili kubwa tangu zilipoanzishwa, zote mwaka 1939, utaona kuwa makombe hayakuletwa na waliokuja jana. Yaliletwa na waliobaki pamoja miaka mingi hadi kila mmoja akajua mwenzake anageukia wapi kabla hajageuka. Kwa hiyo swali la kwanza la shabiki lingekuwa: nani anabaki?

Tuanze na enzi za wazee wetu. Mazembe, iliyoitwa Englebert wakati ule kwa jina la kampuni ya matairi, ilicheza fainali nne mfululizo za Kombe la Mabingwa wa Afrika, kuanzia 1967 hadi 1970. Ilishinda mbili za kwanza, ikawa klabu ya kwanza barani kulitetea kombe hilo. Bahati inaweza kukupa fainali moja, lakini fainali nne katika miaka minne huhitaji kikosi kisichovunjwa kila msimu. Zaidi ya miaka 40 baadaye historia ilijirudia: Mazembe ikatwaa Ligi ya Mabingwa 2009, kisha 2010. Langoni alikuwa Robert Kidiaba, aliyekuwa klabuni tangu 2002. Mbele yake walikuwamo akina Joël Kimwaki na Jean Kasusula, na unahodha alikuwa nao Pamphile Mihayo. Hawa hawakuokotwa sokoni mwezi Agosti ili wakacheze fainali mwezi Oktoba.

Mwaka huo wa 2010 una funzo ambalo naona hatujalitafuna vya kutosha. Nyota wa timu alikuwa Trésor Mputu, ambaye CAF ilikuwa imemtaja mchezaji bora wa 2009 kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Kisha ikaja vurugu dhidi ya mwamuzi katika Kombe la Kagame kule Kigali, na FIFA ikamfungia mwaka mzima. Timu nyingi zingekwisha hapo. Mazembe iliifunga Espérance ya Tunis mabao 5-0 hapa hapa Lubumbashi katika fainali ya kwanza, ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, ikaitoa Pachuca ya Meksiko 1-0 kwa bao la Mbenza Bedi, kisha Internacional ya Brazil 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika fainali hiyo. Dunia ilimwona Kidiaba akirukaruka kwa makalio kwenye nyasi, ikacheka, na wengi hawakujiuliza ilikuwaje timu iliyompoteza mchezaji wake bora ikaongeza kasi badala ya kupunguza. Inter Milan iliishinda 3-0 mnamo 18 Desemba, na hapana aibu katika hilo. Kwangu mimi jibu ni kwamba Mputu alikuwa tawi kubwa la mti ambao shina lake lilikuwa zima.

Atasema mtu: huo ni wimbo wa zamani wa kuwapenda watoto wa nyumbani na kuwachukia wageni. Sivyo. Mfano wangu bora wa mchezaji aliyejengwa Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, ni Mtanzania. Mbwana Samatta alikuja kutoka Simba mwaka 2011, akiwa na miaka 18, baada ya Mazembe kukutana na Simba katika Ligi ya Mabingwa. Hakuja akiwa ameiva. Alikaa zaidi ya miaka minne, akakosea, akarekebishwa, akazoeana na kina Rainford Kalaba wa Zambia, na mwaka 2015 akafunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa. Mazembe ikaifunga USM Alger nje na nyumbani, ikachukua kombe lake la tano, na Januari 2016 Samatta akaenda Genk ya Ubelgiji akiwa mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya Afrika. Angeondoka baada ya msimu mmoja, leo tungemkumbuka kama kijana mmoja wa Dar aliyepita hapa. Tena neno lenyewe mgeni halikai sawasawa mdomoni mwa mtu wa Lubumbashi. Mpaka wa Kasumbalesa uko mwendo wa saa chache kwa gari, na Kibemba husemwa pande zote mbili. Kijana wa Kitwe yuko karibu nasi kuliko kijana wa Kinshasa, ambaye lazima apande ndege kuja kufanya majaribio.

Hata hivyo kuna kweli ndani ya pingamizi hilo, na siwezi kuiruka. Kikosi cha 2010 kilikuwa cha Wakongomani kwa sehemu kubwa, pamoja na Wazambia wachache, nacho kilifika fainali ya dunia. Kikosi cha 2015 kilijaa vipaji vya Ghana, Mali, Ivory Coast, Zambia na Tanzania, nacho kilipokwenda Japani kwenye mashindano yale yale kilifungwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima katika mechi ya kwanza. Wapo wanaoliona hilo kuwa ushahidi kwamba damu ya kigeni haipigani. Mimi siamini kwamba mechi moja ya Desemba huthibitisha jambo lolote kuhusu damu ya mtu. Ninachokubali ni kwamba ukinunua wengi kwa mpigo huongezi nguvu tu, unaongeza pia siku za kuzoeana, na kalenda haizingoji.

Pia usajili si miguu peke yake, ni karatasi. Mwaka ule ule wa 2011 Mazembe iliitoa Simba uwanjani, lakini Simba ikalalamika kwamba beki Janvier Besala Bokungu, ambaye mkataba wake na Espérance ulikuwa na mgogoro, hakustahili kuchezeshwa. CAF ikakubali, na mabingwa watetezi wakatupwa nje ya mashindano mezani. Hakuna kocha aliyekosea mbinu siku hiyo, wala mshambuliaji aliyekosa penalti. Mchezaji mmoja aliyeingizwa kabla mambo yake hayajanyooka aliigharimu timu nzima msimu wa Afrika. Kimwaki au Kasusula, ambaye karatasi zake zilikuwa zimekaa kabatini miaka kadhaa, hawezi kukuletea balaa la namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Nani atamzuia kijana ambaye Ulaya inamwita? Hata si Ulaya tu: Morocco inalipa, Tanzania inalipa, na Jean Baleke wa Mazembe alikwenda Simba kwa mkopo Januari 2023 bila mtu kushangaa. Nakubali. Mchezaji ana maisha mafupi kazini kuliko mchimba shaba, na kumkatalia ni ukatili. Tena klabu inayolea vijana, kama Mazembe kupitia akademia ya Katumbi, hupata chake. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Tuseme kijana amelelewa hapa tangu msimu wa miaka 16 hadi msimu wa miaka 20. Kila msimu wa umri huo huhesabiwa nusu ya asilimia moja, kwa hiyo misimu mitano ni asilimia 2.5. Klabu moja ya Ulaya ikimuuzia nyingine kwa dola milioni 1, Lubumbashi inapokea dola 25,000 bila kuinua mguu, na atakapouzwa tena inapokea tena. Ni biashara halali na nzuri. Ugomvi wangu hauko kwenye kuuza. Uko kwenye kuuza kabla mrithi hajakaa benchi msimu mzima akimtazama anayeondoka.

Tazama mfululizo wenyewe. Ben Malango alikwenda Raja ya Casablanca mwaka 2019. Mwaka 2020 Meschak Elia akatua Young Boys ya Uswisi, na Jackson Muleka, mtoto wa Lubumbashi, akaenda Standard ya Liège. Safu ya ushambuliaji yote ilitoka ndani ya miezi kama 15. Katika Ligi ya Mabingwa, Mazembe ilifika nusu fainali 2019, robo fainali 2020, na 2021 ikaishia makundi. Msimu uliofuata ilitolewa na AmaZulu ya Afrika Kusini kabla hata ya makundi. Kuna wanaosema sababu ni siasa: mwenyekiti Moïse Katumbi, anayeongoza klabu tangu 1997, aliondoka nchini Mei 2016, akarudi Mei 2019, na timu ikayumba bila mwenye nyumba. Maelezo hayo yanavutia, ila tarehe zinayakana. Akiwa ng'ambo, Mazembe ilishinda Kombe la Shirikisho 2016 dhidi ya MO Béjaïa, ikalitetea 2017 dhidi ya SuperSport United, na mwaka huo wa pili kocha alikuwa Mihayo, nahodha wa zamani. Uti wa mgongo ulibeba timu wakati kichwa kilikuwa mbali. Kushuka kulikuja baadaye, mwenyekiti akiwa amesharudi, wakati uti wenyewe ulipokuwa umekwisha. Kikosi kiliposhikamana tena chini ya Lamine N'Diaye, kocha yule yule wa Abu Dhabi, kilifika nusu fainali ya 2024 na kutolewa na Al Ahly.

Lupopo ni habari nyingine, na wanareli watanisamehe nikiwa mkali kidogo. Timu hii ilizaliwa na wafanyakazi wa reli, watu waliojua kwamba injini haibadilishwi kila kituo. Ina mashabiki ambao hawakuihama hata katika miaka ya ukame. Ubingwa wake wa nchi wa 2002 bado unasimuliwa kama wa juzi. Mfuko wake ni mdogo kuliko wa jirani, na mara nyingi hutegemea mkubwa mmoja aliye madarakani. Jacques Kyabula alipochukua urais wake alikuwa pia gavana wa Haut-Katanga. Hatari ya mfumo huo iko wazi: mkubwa mpya hupenda kuonekana, na njia ya haraka ya kuonekana ni kushusha majina mapya kumi uwanja wa ndege. Kwa maoni yangu klabu yenye mfuko mdogo ndiyo yenye haja kubwa zaidi ya kubakiza watu, kwa sababu mshahara wa kipa anayeijua timu ni nafuu kuliko gharama ya kumtafuta mwingine kila mwaka. Lupopo ilipoitoa Orlando Pirates kwa penalti Oktoba 2025 na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, mji ulilala usiku sana. Kazi ngumu inaanza siku mawakala wanapogonga mlango kuwataka waliofanya hivyo.

Najua kuna atakayesema shabiki hana kura. Klabu ni ya wenye pesa, sisi tuna tiketi tu. Lakini wenye pesa husikiliza makofi, na sisi tumewafundisha kwamba makofi hupigwa kwa sura mpya. Picha ya mchezaji mpya ameshika jezi husambaa kwenye simu za mji mzima kabla ya chakula cha mchana, wakati beki aliyeongeza mkataba wa miaka mitatu hapati hata mstari mmoja. Tungeanza kumshangilia huyo wa pili, viongozi wangeona faida ya kumbakiza.

Kombe la mwisho la Afrika kwa wanaume wa Mazembe ni lile la Novemba 2017. Dada zao walileta la Ligi ya Mabingwa ya Wanawake kutoka Morocco Novemba 2024, wakiifunga FAR Rabat 1-0 katika fainali, na ningependa kuona kama klabu itawaweka pamoja au itawaacha watawanyike. Nawaomba basi mashabiki wa rangi zote mbili: dirisha lijalo likifunguliwa, kabla hamjauliza ndege ya nani imetua uwanja wa Luano, ulizeni mikataba ya akina nani inaisha mwezi Juni.