Mpangilio wa Ndani wa Mashua Ndogo ya Plaiwudi

Anayejitengenezea mashua ya plaiwudi, yaani mbao za tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, kwa ajili ya maji kama ya ziwa Duluti, lililomo ndani ya kasoko ya volkano karibu na Tengeru, mashariki ya jiji la Arusha, hana budi kupanga uzito kabla ya starehe. Ubao wa kukalia huwekwa chini, kwa kuwa mvuvi akikaa juu chombo hupinduka kwa urahisi. Nyavu na samaki hugawanywa kati ya omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, huku ngama, sehemu yanapokusanyika maji, ikiachwa wazi ili yafuliwe upesi. Visanduku vya hewa vilivyozibwa barabara katika ncha zote mbili husaidia mashua ielee hata ikijaa maji. Hata hivyo, kila mvuvi na avae jaketi okozi.